Mama mkwe anasema damu ya ukoo wao haishikwi na malaria

Assalaam aleikum Bi Mshauri,

Naandika nikiwa nimechoka, na hapa Lamu sina wa kumwambia, maana nikimwambia mtu asubuhi, alasiri maneno yameshafika kwa wakwe zangu. Mimi ni Mpokomo wa Tana Delta, nimeolewa Langoni. Mume wangu ni nahodha wa boti ya abiria inayovuka Mokowe. Ni mtu mwema, hapigi wala hatukani, na akipata analeta nyumbani. Kwao ni watu wa Lamu wa zamani, na nasaba yao wanaihesabu mpaka Uarabuni.

Tuna watoto watatu. Mkubwa ni binti wa miaka 9, wa pili mvulana wa miaka 6, na mdogo ana miaka 3. Huyu mdogo ndiye ananikosesha usingizi. Alipokuwa na miezi 8 vidole vya mikono na miguu vilimvimba hata ngozi ikang'aa, ukimgusa analia mpaka sauti inakauka. Mama mkwe akasema ni baridi ya kusi, tukamkanda mafuta. Vikapungua, vikarudi. Baadaye akaishiwa damu, macho yakawa meupe, tukamkimbiza hospitali akaongezewa, na ndipo alipopimwa. Karatasi ikaandikwa SS, yaani ana siko seli, ugonjwa wa damu wa kurithi. Daktari akataka na sisi wengine tupimwe. Mimi nikawa AS, binti AS, mvulana wa katikati AA. Mume wangu hajapimwa. Kila nikimwambia anasema boti haimpi nafasi.

Tangu hapo imekuwa maneno. Mama mkwe anasema maradhi haya mimi ndiye niliyeyaleta kutoka mtoni, kwao haijapata kusikika mtoto wa siko seli. Anasema damu ya ukoo wao ni nzito, haishikwi na malaria, na ushahidi wake ni binti yangu, ambaye kweli haumwi homa ovyo. "Huyu amechukua damu yetu," anasema. Mvulana wa katikati, ambaye mwaka jana alilazwa na malaria akapata degedege, anaambiwa amechukua damu ya ujombani. Mtoto wa miaka 6 anasikia haya mbele yake.

Sasa limezuka jingine. Mume wangu ameletewa video kwenye simu ya mtu anayesema mwenye siko seli hapati malaria, ndiyo maana Mungu akaiweka siko seli pwani. Akasema basi tunamwekea mtoto sumu ya bure, na dawa ya malaria ambayo mdogo alikuwa anapewa kila siku imesimamishwa. Neti yake walipewa wageni waliokuja kwa ajili ya Maulidi, na mpaka leo haijarudi.

Nauliza. Je, ni kweli maradhi yametoka kwangu? Ni kweli siko seli inazuia malaria? Wifi yangu ananiambia nisiseme popote kwamba binti ni AS, atakosa mume, nifiche? Na mama mkwe anataka mjukuu wa nne, ananiambia kwa kuwa mmoja ameshaumwa, waliobaki watakuwa salama. Nisaidie, mama yangu.

Mama watoto watatu, Langoni

*

Waaleikum salaam, mwanangu.

Nianze na dawa, kwa sababu hayo mengine yote yanaweza kungoja. Mtoto wako mdogo arudishiwe dawa yake ya kuzuia malaria. Kesho asubuhi mpeleke kliniki, sema wazi kwamba aliachishwa na tangu lini, apimwe damu kabla hujaondoka pale. Usione haya. Na usiku wa leo neti irudi kitandani kwake, hata kama ni kwenda kuiomba kwa mgeni aliyepewa.

Haya, sasa tukae tuzungumze.

Ile video imesema nusu ya jambo, na hiyo nusu iliyoachwa ndiyo inayoua. Ni kweli jeni (mbegu ya urithi) ya selimundu, yaani hiyo siko seli, inakinga dhidi ya malaria. Lakini kinga hiyo ni ya mtu aliyerithi jeni moja tu, yule ambaye karatasi yake imeandikwa AS. Aliyerithi mbili, SS, ni mgonjwa, na malaria kwake ni hatari kubwa. Kwa hiyo nyumbani kwako mwenye hiyo kinga ni binti yako wa miaka 9. Wewe pia unayo. Mdogo hana.

Nikueleze inavyokwenda. Kimelea cha malaria huingia ndani ya chembe nyekundu ya damu, hula mle, huzaana, kisha hupasua na kutoka kutafuta chembe nyingine. Kwa mtu wa AS, chembe iliyoingiliwa na kimelea hupinda mapema, bandama ikaitambua kuwa mbovu na kuiondoa kabla kimelea hakijamaliza kazi yake. Pia kimelea hakikui vizuri mle, na chembe zilizoingiliwa hazinati sana kwenye mishipa midogo ya ubongo. Ndiyo sababu mtu wa AS anaweza kuwa na vimelea mwilini na asifikie degedege wala kuishiwa damu. Utafiti uliofanywa miaka mingi kwa watoto wa Kilifi, hapo jirani zetu, umeonyesha kwamba AS hupunguza malaria kali kwa karibu asilimia 90. Si jambo dogo. Sijui chanjo ya malaria yoyote iliyofikia hapo.

Kwa mtoto wa SS mambo yamegeuka. Chembe zake zinapinda hata bila kimelea, zinavunjika mapema, na damu yake iko chini siku zote. Ikija malaria, hata kidogo, hicho kidogo alichonacho kinateketea. Watafiti wa Kilifi walichapisha mwaka 2010 walichokiona kwa watoto wa selimundu waliolazwa na malaria: vimelea kwenye damu vilikuwa vichache kuliko vya watoto wengine, lakini walipungukiwa damu vibaya na vifo vyao vilikuwa vingi. Hapo nataka usome mara mbili. Siku mtoto wako akipimwa wakakuambia "vimelea ni vichache tu", usirudi nyumbani umetulia. Waambie huyu ni SS, waangalie wingi wa damu.

Halafu iko bandama. Kwa mtoto wa SS bandama huziba na kuharibika akiwa bado mdogo, na bandama ndiyo inayochuja bakteria damuni. Kilifi huko huko, mwaka 2009, walikuta watoto wa selimundu wana hatari ya bakteria kuingia kwenye damu mara 26 hivi kuliko wenzao. Hiyo ndiyo maana ya ile penisilini ya asubuhi na jioni mpaka atimize miaka 5. Kama na hiyo nayo imesimamishwa, irudi. Chanjo zake zote zikamilike, hasa ya nimonia, ambayo Kenya ilianza kuwapa watoto mwaka 2011.

Kwa hiyo ukitazama vizuri, mwanangu, mama mkwe wako ameona sawa akaeleza kinyume. Ameona binti haumwi homa, na ni kweli. Ila kinachomkinga binti ni ile ile jeni anayosema ni aibu ya mtoni. Na yule mvulana wa katikati aliyepata degedege ni AA, hana selimundu hata chembe, ndiyo maana malaria ilimkuta mlango wazi. Mtoto huyu hajachukua damu mbaya ya mtu yeyote. Anahitaji neti kuliko dada yake. Tafadhali, yale maneno ya "damu ya ujombani" yasisemwe tena mbele yake. Ana miaka 6, atayaamini.

Sasa swali la kwanza, kwamba maradhi yametoka kwako. Zitandike zile karatasi tatu za watoto mkekani uzitazame. Kila mtoto hupata jeni moja kwa mama na moja kwa baba. Mdogo ni SS: S moja umempa wewe, nyingine amempa baba yake, haiwezi kutoka kwingine. Wa katikati ni AA: A moja yako, moja ya baba yake. Kwa hiyo mume wako ana A na ana S. Ni AS kama wewe. Hajakanyaga maabara, lakini watoto wake wameshamsomea majibu. Apimwe hata hivyo, kwa sababu karatasi yake mwenyewe ina uzito kuliko hesabu ya mke, na kwa sababu ndugu zake nao wana haki ya kujua.

Ukishaielewa hesabu hii utaona inakwenda mbali zaidi. Yeye naye aliipata kwa mmoja wa wazazi wake. Inaweza kuwa mama mkwe, inaweza kuwa marehemu baba mkwe kama ametangulia. Hili ulijue, lakini nakusihi usilitoe kama jibu la kumkomesha. Mama wa mumeo akisikia kwako kwamba yeye ndiye mwenye jeni, hamtaelewana tena, na atakayepata hasara ni yule mdogo, kwa sababu wewe ukiwa sokoni ni yeye anayekaa naye.

"Kwetu haijapata kusikika" ni neno nimelisikia kwa watu wengi wa visiwani, na wengi wanalisema kwa nia safi. Lakini AS haionekani. Mtu wa AS anaishi miaka 80, anavua, anajenga, anazaa, na hajui. Ikikutana AS na AS ndipo SS inatokea, na zamani mtoto wa SS alikufa kabla hajafikia umri wa kuingia chuoni, ikasemwa ni homa, au ni dege, au amekufa kwa kuishiwa damu tu. Hakukuwa na wa kuandika siko seli. Ukoo mzima unaweza kubeba jeni hii karne na karne na usiwe na jina la ugonjwa.

Tena hakuna ukoo wa pwani hii unaoweza kujitoa. Mwaka 1949 mwanafunzi wa udaktari, Anthony Allison, aliyelelewa hapa Kenya, alizunguka akipima damu za watu wa sehemu mbalimbali za nchi. Akakuta jeni ya selimundu ni ya kawaida kwa watu wa pwani na wa kando ya Ziwa Victoria, na kwa watu wa nyanda za juu zenye baridi ni nadra. Akajiuliza kwa nini ugonjwa unaoua watoto uzidi mahali fulani badala ya kufutika wenyewe. Jibu alilolichapisha mwaka 1954 ndilo hilo la malaria: palipo na mbu, watoto wa AS walipona pale ambapo wenzao wa AA walikufa, wakakua, wakazaa, wakairithisha jeni. Palipo na baridi na hakuna malaria, haikuwa na faida, haikuenea. Iligawanywa na mbu na maji, haikuuliza kabila. Mto Tana una mbu, na visiwa vina mbu.

Na hilo la Uarabuni halimtoi mtu. Oman kuna selimundu, mashariki ya Saudi Arabia ipo, India ipo. Hata tuseme babu yao wa kwanza alishuka jahazini bila jeni hiyo, hakuja na mke. Mwaka 2023 wanasayansi, miongoni mwao Profesa Chapurukha Kusimba ambaye ni Mkenya, walichapisha matokeo ya kupima DNA kwenye mifupa ya watu 80 waliozikwa katika miji ya kale ya Waswahili na mji mmoja wa bara, ikiwemo Manda na Faza, hapo jirani zenu. Walikuta kwamba tangu mwaka 1000 hivi watu wa miji hii walichanganyika, wanaume wengi wakiwa na asili ya Uajemi na baadaye Uarabuni, na akina mama asili yao ikiwa Afrika karibu wote. Kila mzee wa Lamu anayehesabu nasaba kwa baba, upande wa mama ana bibi wa Kiafrika. Mimi naona ni jambo la kujivunia, na silisemi kwa kumdharau mtu. Nalisema kwa sababu nimechoka kusikia mke wa "bara" akibebeshwa ugonjwa ambao wote wameurithi kutoka ardhi moja.

Kuhusu ukoo kuwa na kinga ya malaria, kuna ukweli ndani yake, ila hauko anavyofikiri. Kweli watu hutofautiana kwa damu. Waafrika wengi, kwa mfano, hawana alama iitwayo Duffy kwenye chembe nyekundu, na kile kimelea cha malaria kiitwacho vivaksi, kinachosumbua sana India na Amerika ya Kusini kinaitumia alama hiyo kuingilia. Kwa hiyo aina hiyo ya malaria kwetu ni chache. Sisi tunauawa na aina nyingine ya kimelea, falsiparamu, ambayo haijali Duffy. Kilifi wamekuta kundi la damu liitwalo Dantu, adimu mahali pengi duniani, ambalo utando wa chembe zake umekaza, kimelea kinashindwa kupenya. Ipo pia talasemia ya alfa, hitilafu nyingine ya damu ya kurithi, ambayo watu wengi wa pwani wanayo bila kujua, nayo hupunguza malaria kali.

Ungefikiri mtoto mwenye talasemia ya alfa na AS pamoja ndiye aliyejengewa ukuta mara mbili. Mwaka 2005 watafiti wa Kilifi walikuta kinyume: zikiwa mbali mbali kila moja inakinga, zikikutana kwa mtoto mmoja kinga inakaribia kutoweka. Jambo hili lilinishangaza nilipolisoma na bado linanishangaza. Ndugu wawili, baba mmoja mama mmoja, wamelala chumba kimoja, mmoja amekingwa na mwenzake hakukingwa, na kwa macho huwezi kuwatofautisha. Hesabu za watafiti ni za watu kwa maelfu. Ukizileta kwenye kitanda kimoja hazikuambii mtoto huyu mmoja itakuwaje. Kwa hiyo hata binti yako wa AS alale ndani ya neti. Homa ikimshika, apimwe kama mtoto mwingine yeyote.

Tena mwambie mumeo akumbuke mwaka 2004, kama alikuwa na akili zake wakati huo, chikungunya, homa inayoenezwa na mbu, ilipoingia Lamu. Watu walishindwa kusimama kwa maumivu ya viungo. Walipopima damu baadaye, karibu robo tatu ya watu wa kisiwani walikuwa wameambukizwa. Damu nzito ilikuwepo mwaka ule pia. Yule mbu alizaliana kwenye maji ya majumbani, mitungini na matangini, wakati wa ukame. Wazee wenye nyumba za mawe walikuwa na akili ya kuweka visamaki kwenye birika wale viluwiluwi. Hiyo ndiyo kinga ya ukoo ambayo ningependa irithiwe.

Utamwambiaje? Usimwambie usiku akiwa ametoka baharini amechoka, wala mbele ya mama yake. Usianze na video, maana ataona unamwita mjinga, na hakuwa mjinga. Alimwonea huruma mwanawe kwa kumezeshwa vidonge kila siku, akapata mtu wa kumwambia haina haja. Anza hapo. Mwambie, "Najua hutaki ameze dawa bure." Kisha mwonyeshe karatasi tatu, umwache azisome mwenyewe. Nahodha ni mtu wa hesabu, ataiona. Akikaa kimya, usimsukume. Ukiona siku zimepita na dawa bado ni ugomvi, mtafute ami yake au mzee mmoja anayemheshimu, uende naye kliniki kwanza, huyo mzee ayasikie kwa daktari, kisha ayapeleke yeye. Neno la mke wa ukoo mwingine na neno la ami havipokewi sawa. Haki ingekuwa vipokewe sawa, lakini mtoto hawezi kungoja haki hiyo ifike. Dawa lakini usiisimamishe kungoja maelewano. Hapo sina njia ya katikati ya kukupa.

Na kliniki muulizie kuhusu haidroksiyurea. Ni dawa ya kumeza, na ilijaribiwa kwa watoto wa selimundu katika nchi nne za Afrika, Kilifi ikiwa mojawapo, matokeo yakatoka mwaka 2019. Watoto walioitumia walipungukiwa na maumivu, na kuongezewa damu, na hata malaria ilipungua. Inahitaji kupimwa damu mara kwa mara, kwa hiyo si dawa ya kununua dukani ukajipangia. Daktari ndiye atakayesema kama inamfaa.

Nyumbani mpe maji ya kunywa mara nyingi, hasa siku za kaskazi jua likiwa kali. Msimu wa kusi asikae na nguo mbichi. Jifunze kumgusa tumbo upande wa kushoto chini ya mbavu, ilipo bandama, mwombe nesi akuonyeshe. Ukikuta pamevimba ghafla na mtoto amelegea, au viganja na ndani ya kope pamekuwa peupe, au ana homa ya aina yoyote, anakwenda hospitali saa hiyo hiyo. Usiku ukikukuta, mwenye boti unaye nyumbani. Mfundishe na mama mkwe kutazama kope. Nakuambia, bibi akishajua kazi ya kufanya, maneno hupungua.

Binti. Usimfiche. Wifi yako anamtakia mema, lakini kuficha ndiko kulikowafikisha nyinyi hapa, AS wawili wameoana bila kujua. AS si ugonjwa. Atasoma, atacheza, atazaa. Akiwa mkubwa kidogo, mwambie wewe mwenyewe, kabla hajayasikia barazani, na umweleze kwamba kabla ya kuposwa yule kijana apimwe. Akiwa AA hakuna mtoto wao atakayekuwa SS. Lamu tunaozana binamu kwa binamu, na binamu wa baba mwenye AS ana nafasi kubwa ya kuwa AS naye. Mposaji atakayekimbia kwa kusikia AS, mwache akimbie.

Mtoto wa nne ni uamuzi wako na mumeo, sitauingilia. Ila mama mkwe amekosea hesabu. Kila mimba ni kura mpya: nafasi moja kati ya nne ya SS, mbili kati ya nne ya AS, moja ya AA. Kwamba mmoja ameshaumwa hakupunguzi chochote kwa anayefuata. Mkiamua kuzaa, mtoto apimwe mapema baada ya kuzaliwa, msingoje vidole vivimbe, kwa sababu miezi ya mwanzo damu ya utotoni humkinga na dalili huwa hazijatokea. Akiwa SS, penisilini inaanza akiwa na miezi miwili au mitatu. Mkiamua kupumzika, kliniki ile ile watawapa njia za uzazi wa mpango, na hilo nalo mwende wawili.

Niandikie ukishatoka kliniki, unieleze wingi wa damu yake umeonekanaje na wamekupa dawa gani. Kama karatasi ya mumeo itakuwa imepatikana, na hiyo uniambie.